Interested in au interested with? Njia nne za kumalizana na vihusishi vya Kiingereza, chagua yako

Nina kisteshenari changu Sinza, natype, naprint, natoa kopi, nasaidia watu kutuma maombi ya kazi onlaini. Juzi kati kaja dada mmoja na barua yake kwenye flashi, anataka kopi tatu tu basi. Mi kwa kawaida yangu nikaipitia kwa jicho la wizi, mstari wa kwanza tu nikakutana na "I am very interested with the post of cashier". Nikamwambia dada'angu hapo ni "interested in". Akanikazia macho: "Kaka, si navutiwa NA kazi? Na 'na' si ndo 'with'?"

Nikakosa la kumjibu pale pale, maana kwa hesabu za Kiswahili yuko sahihi kabisa. Vihusishi, yaani vile vineno vya aina ya "in" na "with", lugha yetu inavyo vichache vinavyopiga kazi nyingi. "Na" peke yake inabeba "with", "by" na "and". "Kwa" nayo ukiitazama ina mizigo hata haihesabiki. Ile -ni ya mwishoni ndo usiseme, yuko nyumbani, katoka nyumbani, kaenda nyumbani, neno ni lile lile, kitenzi ndo kinakwambia mtu anaelekea wapi. Na mara nyingine kihusishi hatukihitaji kabisa, tunakimezesha humo humo kwenye kitenzi: pika inakuwa pikia, andika inakuwa andikia. Mwingereza hana mambo hayo. Kwake kila kivumishi na kila nomino ina kihusishi chake, na ukitafuta mantiki utaumia kichwa bure. Chukua habari ya kupenda tu: interested in, keen on, fond of, crazy about, addicted to. Wote watano wanapenda, na kila mmoja kaja na mwenzake.

Na usidhani ukikosea utaeleweka siku zote. Kuna mama alikuja na maelezo ya familia, anajaza fomu ya viza, kaandika "my daughter is married by a German". Kwa Kiswahili binti kaolewa na Mjerumani, hamna neno. Kwa Kiingereza huyo Mjerumani ndo mchungaji aliyefungisha hiyo ndoa. Inatakiwa "married to". Halafu cha kuchekesha, kwenye CV ukiandika "married with two children" uko sahihi mia kwa mia, wala hujasema umeoa watoto, maana yake una ndoa na una watoto wawili. Kwahiyo kihusishi hakichaguliwi na neno la Kiswahili ulilonalo kichwani, kinachaguliwa na neno la Kiingereza lililotangulia, na pia na kile kinachofuata mbele yake. Ukishika hilo robo ya safari umemaliza, zilizobaki ni za kujua unajifunzaje.

Na hapo ndo watu wanakwama. Mmoja anakwambia kariri orodha, mwingine nunua kamusi, mwingine angalia muvi utazoea tu. Mi nimezipitia zote kwa nyakati tofauti kwahiyo nitazipima kwa vitu vile vile vitano. Kasi, yaani kama barua inatakiwa kesho asubuhi inanisaidia? Maana, yaani pale vihusishi viwili vyote ni sahihi ila havisemi kitu kimoja, inanionyesha? Kukaa kichwani, nikiwa kwenye intavyuu sina simu mkononi nitakumbuka? Hela na bando. Na la mwisho ambalo wengi hawaulizi, inakudanganya wapi.

KUKARIRI ORODHA

Hii wote tumeipitia sekondari, mwalimu anajaza ubao, afraid of, good at, married to, mnaimba darasa zima. Watu wengi siku hizi wanaidharau, mi siidharau.

Kasi yake ni nzuri ukishakariri, kabla ya hapo ni sifuri. Hela hamna, daftari na kalamu tu. Kukaa kichwani inategemea unakaririje. Ukikariri "allergic to" kavu kavu itapotea wiki ijayo, ukikariri "allergic to dust" ukaikumbuka kila ukipita barabara ya vumbi itabaki. Na kuna makundi ambayo kwa kweli orodha ndo dawa yake, mfano yale maneno yenye asili ya Kilatini, superior, inferior, senior, junior, prior, yote yanataka "to". Sisi tunasema "yeye ni mkubwa kazini kuliko mimi" halafu tunaandika "he is senior than me", wakati ni "senior to me". Ukilijua kundi umelimaliza lote kwa mkupuo.

Kundi lingine la kukariri ni lile la kitenzi na nomino yake, na hili naliona kila siku ya Mungu hapa dukani. Nomino inataka kihusishi ila kitenzi chake hakitaki. A discussion about salaries, lakini we discussed salaries, hamna "about". A request for leave, lakini I request leave. The demand for sugar, lakini they demand sugar. Emphasis on discipline, lakini we emphasise discipline. Barua za kuomba ruhusa ninazotype, nusu yake zina "I am requesting for permission", na chanzo ni hiki hiki, nomino imekiambukiza kitenzi. Andika jozi kama kumi za hivyo ukutani, zikariri, utaona barua zako zinavyobadilika.

Inapodanganya sasa. Orodha inakupa neno moja na kihusishi kimoja, kama vile ndoa ya Kikatoliki. "Good" kwenye orodha kaandikiwa "at", basi. Kumbe good at maths ni mkali wa hesabu, good with children ni anayewaweza watoto, good for your health ni kitu chenye faida kwako, na good to me ni mtu aliyenitendea wema. Orodha haikwambii. Halafu hizi orodha zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zingine zimeandikwa na mtu anayejifunza kama wewe.

Inamfaa: mwanafunzi anayesubiri mtihani, mtu anayeanza, na yeyote ambaye bando linamsumbua.

KAMUSI YA WANAFUNZI

Nasisitiza ya wanafunzi, sio kamusi yoyote. Ile ya Kiingereza kwa Kiswahili itakwambia interested ni -enye kupenda, itakuacha hapo hapo ulipokuwa. Kamusi za wanaojifunza, kina Oxford Advanced Learner's, Longman, Cambridge, zimeandikwa kwa ajili ya mgeni wa lugha. Hiyo ya Oxford ilianzia mbali, aliyeianzisha anaitwa A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa anafundisha Kiingereza Japani, na toleo la kwanza lilitoka Tokyo mwaka 1942 kabla Oxford hawajalichukua. Yaani ilizaliwa kwa kuangalia watu wa lugha nyingine wanakwama wapi, ndo maana inakupa hadi neno linavyokaa na wenzake.

Shida ni kwamba wengi hawajui kuisoma. Ya kwangu nilinunua kwa wale wauza vitabu vya mtumba Posta, toleo la zamani limechakaa kava, nikakaa nayo miezi najisomea maana tu. Siku moja nikajiuliza haka kamstari kama wimbi ~ ni nini. Kumbe kanasimama badala ya neno lenyewe unalolitafuta, na "sb" ni somebody, "sth" ni something. Kwahiyo ukifungua "angry" ukakuta ~ with sb na ~ about sth, umeshaambiwa kila kitu: mtu unamkasirikia kwa "with", jambo unalikasirikia kwa "about". Kwenye mstari mmoja! Na hizi za onlaini ni rahisi zaidi, kihusishi wanakikoleza wino mweusi halafu mfano unafuata chini yake. Kitu kingine, usitafute kwenye "in" au "with", huko kuna kurasa utazeeka. Tafuta kwenye kivumishi au nomino yenyewe.

Kwa kasi hii ndo mshindi kwangu, sekunde thelathini. Kwa maana pia iko vizuri. Mfano "increase", watu wa miradi wanaoleta ripoti zao hapa wanachanganya sana. An increase in prices, kilichopanda ni bei. An increase of 10 percent, kilipanda kwa kiasi hicho. Unaweza hata kuviweka pamoja, an increase of 10 percent in prices, vyote viwili vina kazi. Au "concerned": this report is concerned with malaria, yaani inahusu malaria, lakini we are concerned about malaria, yaani inatutia wasiwasi. Kamusi nzuri inakutenganishia hayo.

Kukaa kichwani ndo udhaifu. Unaangalia, unaandika, unasahau, kesho unaangalia tena. Bando inakula kidogo sana, kurasa ni maandishi tu, na tovuti zao ni bure. Kudanganya haidanganyi sana, ila inaweza kukupa vihusishi vitatu bila kukwambia kipi watu wanakitumia zaidi, au kipi ni cha Marekani kipi cha Uingereza, wakati mwingine wanaandika wakati mwingine hawaandiki.

Inamfaa: anayeandika barua, ripoti, barua pepe za ofisini, na mwalimu ambaye hataki kuaibishwa na mtoto wa form two.

KOPASI

Hapa ndo penye utamu, na ndo njia ambayo watu wengi hawajawahi hata kuisikia. Kopasi ni ghala la maandishi na mazungumzo halisi yamewekwa kwenye kompyuta, unatafuta neno, inakuletea sentensi ambazo watu waliziandika au kuzisema kweli. Sio sentensi za kutungwa. British National Corpus ina maneno kama milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza cha mwisho wa karne ya 20. COCA ni ya Kimarekani, ina zaidi ya bilioni moja, na imegawanywa, mazungumzo, hadithi, magazeti, majarida, maandishi ya chuo. Hizo mbili unaweza kuzitumia bure ukijisajili. Kwa mtu wa kawaida mi namshauri aanze na SkELL, haitaki usajili, unaandika neno unapewa sentensi kama arobaini hivi zilizochujwa. Halafu kuna Google Books Ngram Viewer, ile unaandika "interested *" na ile nyota, inakuchorea maneno kumi yanayofuata zaidi kwenye vitabu, mwaka hadi mwaka. Dada wa cashier nilimfungulia hii hii. Mstari wa "in" uko juu kama mnazi. "With" hata kuonekana haukuonekana.

Kasi: mwanzoni pole pole, ukizoea dakika mbili tatu. Kwa maana hakuna inayoifikia. Chukua "experience", neno ambalo liko kwenye kila CV ya Dar es Salaam. Ni experience in, of, au with? Ukisoma sentensi ishirini mfululizo unaanza kuona mwenyewe bila kufundishwa: experience in sales, experience in teaching, hapo ni fani. Experience with computers, experience with disabled children, hapo ni kitu au watu uliowahi kufanya nao kazi. Experience of living abroad, hapo ni jambo ulilolipitia. Au "different". Different from inakubalika kila mahali, different to utaikuta kwa Waingereza, different than kwa Wamarekani zaidi. Au "bored", wazee wanataka bored with au bored by, vijana wanasema bored of, na mwalimu wa zamani atakukatia maksi wakati nusu ya Uingereza ndo wanaongea hivyo. Kopasi haibishani na mtu, inakuonyesha nani anasema nini na wapi.

Na kwasababu umegundua mwenyewe, inakaa kichwani kuliko kamusi. Hii nasema kwa uzoefu wangu.

Ila inadanganya, na inadanganya vibaya kama una haraka. Ukitafuta "good in" utaikuta imejaa tele, ukaanza kushangilia kwamba "good in mathematics" iko poa. Soma sentensi zenyewe sasa: she looks good in red, coffee tastes good in the morning. Hiyo "in" haijashikwa na "good" hata kidogo, imeshikwa na red na morning. Vivyo hivyo "married by" iko nyingi, ila ni married by a priest, au married by the age of twenty, yaani akiwa hajazidi miaka ishirini. Kwahiyo namba peke yake usiiamini, soma kushoto na kulia kwa neno. Na Ngram ni vitabu, haijui watu wanavyoongea mtaani London.

Bando: ya wastani, COCA kwenye kioo cha simu inasumbua, nenda nayo kwenye kompyuta. Inamfaa: mtafsiri, mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu, mwalimu, na mtu mbishi kama mimi.

KUSIKILIZA NA KUSOMA SANA

Wanaoitetea hii wanakwambia mtoto hafundishwi vihusishi, anasikia tu. Kweli. Ila mtoto anasikia siku nzima kwa miaka, wewe unasikia saa moja ukitoka kazini umechoka kwenye mwendokasi.

Kasi: hamna, usiitegemee kwa barua ya kesho. Kukaa kichwani ndo bingwa wa wote, maana kinachoingia kwa sikio kinatoka kwa mdomo chenyewe, hufikirii. Nina jamaa yangu shule hakufika mbali, anaendesha bodaboda, ila ligi ya Uingereza hakosi mechi kwenye kibanda umiza. Huyu jamaa atakwambia "under pressure from the defender", "a threat to the goal", "in control of the midfield", na hajui kihusishi ni mdudu gani! Siku hiyo nambishia "good in" sio sahihi akanitolea "good in the air", mchezaji anayejua kupiga vichwa. Nikanyamaza. Yuko sahihi, wanasema hivyo kweli, japo hiyo ni "in" ya mahali mpira ulipo, ukigeukia hesabu inarudi "at".

Maana unaipata pole pole na kwa hisia. Tired of na tired from mfano, mtu wa kusikiliza anajua tofauti bila kuelezwa: tired from work mwili umechoka, tired of work moyo umekinai. Usije ukaliambia la pili bosi wako mtarajiwa. Afraid of my son, namuogopa mwanangu, afraid for my son, nahofia yasimpate mabaya.

Inapodanganya ni kwamba inategemea unamsikiliza nani. Ukisikiliza vikao vyetu vya Kiingereza hapa mjini, "discuss about" utaisikia mpaka sikio lizoee. Mi sina ugomvi nayo, tunaelewana, ila msahihishaji wa mtihani haelewani nayo. Na bando ndo usiulize, video zinakula kama moto wa pumba. Redio na vitabu vya mtumba ni nafuu.

Inamfaa: anayetaka kuongea, mtu wa utalii, wa mapokezi, wa kupiga simu, na asiye na haraka.

Najua kuna mtu anasema mbona hujaitaja akili mnemba. Ni nzuri kwa kasi, unaibandikia barua inakusahihishia yote, na ukiiuliza tofauti ya responsible for na responsible to itakueleza vizuri tu, kwamba ya kwanza ni jukumu lako na ya pili ni bosi unayeripoti kwake. Shida yangu nayo ni moja, inakusahihishia kimya kimya, barua inatoka safi na wewe unabaki vile vile. Wateja wangu kadhaa wameitwa intavyuu kwa barua safi halafu mdomoni ikatoka "I am good in customer care". Itumie ila iulize kwanini, halafu kahakikishe kwenye kamusi.

SASA WEWE UKO WAPI?

Kama una mtihani wa form four mbele yako na miezi miwili, orodha, tena kwa sentensi nzima, na zile jozi za nomino na kitenzi ziwe za kwanza. Kopasi utaicheza ukifika chuo.

Kama uko ofisini na kila siku unaandika kitu kinachosomwa na watu wa nje, weka kamusi mbili za wanafunzi kwenye simu. Moja ikikuachia shaka, ya pili itakutoa. SkELL iwe ya siku ukibishana na mwenzako.

Kama unatafsiri au unafundisha, huna ujanja, jifunze kopasi. Mwanafunzi akikuuliza kwanini different to iko kwenye kitabu chake, jibu la "ndo hivyo" halitoshi.

Kama shida yako ni kuongea na wala sio kuandika, ziache orodha, chagua kitu kimoja unachokipenda kwa Kiingereza, mpira, mapishi, mahubiri, kisikilize kila siku hicho hicho, maana maneno yatajirudia.

Na kama barua inatakiwa leo saa kumi, njoo na flashi yako. Yule dada, baada ya ule mchoro wa Ngram, tulifungua na kamusi pale pale kwenye kaunta, akaiona "in" kwa macho yake, akabadilisha mwenyewe, nikabonyeza printi. Karatasi ya kwanza inatoka tu akaichukua, akasoma mstari wa tatu kwa sauti: "I am also good in calculations." Akaniangalia. Nikaisimamisha mashine.